Likizo ya Kumhamisha Mama

Mlinzi wa getini alikuwa na rungu, redio na sheria moja tu: chakula kutoka nje hakiingii. Ndani ya bustani kulikuwa na mgahawa, mgahawa ulikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa amebandika tangazo kubwa ukutani kuwakumbusha wote wanaokuja kupumzika Mbeya kwamba kupumzika ni pamoja na kununua chipsi zake. Filemoni alilisoma tangazo mara mbili, kisha akaitazama hotpoti nyekundu mikononi mwa mkewe.

"Tuiache hapa kwa mlinzi," alisema Didas, mdogo wake. Didas ndiye aliyekuwa mwenyeji wa jiji, na tayari alikuwa amesogea pembeni kidogo, kama mtu aliyekutana nao hapo hapo getini.

"Kuku wangu hawezi kubaki na mlinzi," alijibu Severina, mke wa Filemoni, ambaye alikuwa ameamka alfajiri kwenye jiko la watu ili kumpika huyo kuku.

Mama yao, Veneranda, aliichukua hotpoti, akaenda nyuma ya kibanda cha vocha, akavua kitenge cha begani, na alipotokea tena alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa mfupi, wa mviringo, amefunikwa hadi kichwani kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita, na alikuwa ananukia tangawizi.

"Mjukuu?" mlinzi aliuliza.

"Wa mwisho."

"Amelala?"

"Ana homa. Hebu mguse uone alivyo wa moto."

Mlinzi aliweka kiganja juu ya kitenge, akakitoa haraka. "Bibi! Huyu si wa kuletwa bustanini, apelekwe hospitali!"

"Tukitoka hapa," alisema Mama Veneranda, na akapita.

Walicheka hadi kwenye majani, wote sita. Filemoni naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia njiani. Mtu hawezi kucheka vizuri na mama yake siku ambayo amepanga kumwambia kwamba hatarudi naye nyumbani.

Maana likizo hii ilikuwa na jambo ndani yake. Kwa mdomo, familia ya Filemoni ilikuwa imetoka Kihesa, Iringa, kuja kumwonyesha binti yao Devotha jiji la Mbeya wakati shule zimefungwa. Ukweli ni kwamba walikuwa wamekuja kumkabidhi Mama kwa Didas. Miaka minne alikuwa amekaa kwa Filemoni tangu baba yao afariki, akilala chumba kimoja na Devotha, akisali rozari kwa sauti kabla majogoo hawajaamka, akiongeza chumvi kwenye kila sufuria ambayo Severina alikuwa ameshaitia chumvi. Filemoni aliuza vipuri vya pikipiki. Didas alikuwa ofisa mikopo mwenye tai, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, kimoja kikikaliwa na mapazia ambayo mkewe Ikupa alikuwa anashona na kuuza.

Bustani waliichagua kwa makusudi. Mama ana sauti, walisema, lakini mbele za watu atajizuia. Hivyo ndivyo walivyowaza watoto wake wa kuwazaa, ingawa katika maisha yao yote hawakuwahi kumwona akijizuia mbele ya mtu yeyote, padri akiwemo.

Walitandika khanga kwenye majani, na ndugu wawili wakaaga kwamba wanafuata soda.

"Ikupa amekubali," Didas alianza, wakiwa wamesimama mbele ya duka. "Ila amekubali kwa muda."

"Muda gani?"

"Tuseme mpaka Krismasi."

"Halafu?"

"Halafu anarudi kwako, anapumzika kidogo, tunaona tena."

"Didas, Mama si jenereta tukopeshane."

"Kaka, wewe ndiye mkubwa. Mkubwa ndiye anakaa na mzazi. Uliza Mhehe yeyote."

"Na wewe ndiye kitinda mimba. Umenyonya mpaka umeota meno ya pili. Sasa lipa."

Muuza duka aliwaangalia akiwa na chupa mkononi. Didas alirekebisha tai. Ni yeye pekee aliyekuwa amekuja bustanini na tai. "Basi nani anamwambia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe. Si ndiye unampokea?"

"Wewe ndiye unamtoa."

Waliporudi walikuwa hawajakubaliana, na soda za wanawake walikuwa wamezisahau.

Huko kwenye khanga nako palikuwa na mkutano. Ikupa, amejifunika masweta mawili, alikuwa anamuuliza Severina maswali kama mtu anayenunua ng'ombe aliyekwisha kulipiwa na mwenzake.

"Dada, anakula nini hasa?"

"Kila kitu. Utapika wewe, atapika tena yeye."

"Na usiku?"

"Usiku anasali."

"Kimya kimya?"

Severina alimtazama mwenzake kwa huruma. Mwanzoni alikuwa ameusubiri mwezi huu kama mfungwa anavyosubiri msamaha. Sasa kila Ikupa alipouliza, alijikuta anajibu kwa mkato, kana kwamba anachunguliwa kabatini kwake.

Mama Veneranda mwenyewe alikuwa kwenye bembea. Amevua viatu, amekaa kwenye ile ya watoto iliyoandikwa mwisho miaka kumi na miwili, simu yake ya kitochi mkononi, akitazama getini. Devotha alikuwa kwenye bembea ya pembeni.

"Bibi," Devotha alisema, "Baba amesema leo utaambiwa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ukuta wa nyumba yenu ni chandarua, mjukuu wangu. Kila kitu kinapita, isipokuwa mbu."

"Utalia?"

"Tule kwanza. Mtu halii akiwa na njaa, anapoteza nguvu bure."

Hotpoti ilipofunguliwa, kuku juu ya ugali, harufu ilitangulia hadi kwenye mikeka ya majirani. Ikupa aligeuza uso, kwa sababu miongoni mwa majirani hao alimwona mteja wake mkubwa, mama mmoja aliyekuwa amekaa na sahani ya chipsi halali, akitazama ugali wao kwa makini. Na kama hiyo haikutosha, mlinzi wa getini alikuwa anapita akizunguka na rungu lake. Alisimama. Alitazama kitenge kilichokunjwa. Alitazama hotpoti.

"Bibi. Mtoto amepona?"

"Amepona kabisa," alisema Mama Veneranda. "Chagua: paja au kidari."

Filemoni alianza kutafuta maneno ya kuomba radhi, Didas alianza kutafuta kitambulisho cha kazini. Mlinzi aliangalia upande wa mgahawa, akaangalia upande wa pili, akachukua paja na kwenda nalo nyuma ya mti wa msindano. Mteja wa Ikupa alicheka mpaka akapaliwa na chipsi. Ikupa alitamani ardhi ya Mbeya ifunguke.

Hapo Filemoni aliona bora aseme, kabla aibu haijapoa. Alifuta mikono, akakohoa.

"Mama, sisi kama wanao tumekaa, tukaona..."

"Mmekaa wapi?"

"Tumekaa tu, Mama. Kwenye simu."

"Haya, endelea."

"Tukaona kwamba hali ya hewa ya Mbeya ni nzuri kwa mtu wa umri wako."

Upepo ulishuka kutoka mlima Loleza, ukabeba tishu zote na kifuniko cha soda. Ikupa alivuta sweta la pili hadi masikioni. Filemoni aliendelea kama mtu anayesoma risala. "Na Didas naye kwa muda mrefu amekuwa na hamu ya kukaa na mzazi, apate baraka."

Mama Veneranda alimgeukia mwanawe mdogo. "Didas, una hamu?"

"Sana, Mama."

"Mpaka Krismasi?"

Didas alirekebisha tai tena.

"Choo cha wanawake kiko nyuma ya duka la soda," Mama alimweleza, bila hasira. "Kina dirisha. Nimewasikia mnavyonigawana. Yule muuza duka naye amesikia, aliponiona natoka akanipa pole." Alijipangusa vidole kimoja kimoja. "Hata hivyo msihangaike. Mimi siendi kwa Didas, na kwa Filemoni sirudi. Nitafuata nguo zangu tu. Naolewa."

Devotha alikuwa wa kwanza kuelewa, akapiga makofi. Watu wazima walikaa na tonge mkononi.

"Na nani?" Filemoni aliuliza hatimaye, kwa sauti nyembamba.

"Na Mzee Kalinga wa Igowole. Yule pale anakuja. Nilimwambia aje huku huku bustanini, nikijua mbele za watu mtajizuia."

Kweli mzee mmoja mrefu alikuwa anakatiza majani, amevaa suti ya kahawia iliyomwacha vifundo vya mikono nje, kofia kifuani, na mkono wa pili ameshika koni ya aiskrimu iliyokuwa inamdondokea kwenye kiatu. Alikuwa amefika mapema, akaambiwa benchi la karibu na jokofu ni la wateja tu, na kwa kuwa hakutaka kufukuzwa alikuwa amenunua koni. Hakuipenda. Hakujua pa kuitupa.

"Kamwene," aliwasalimu wote kwa pamoja.

Severina na Ikupa walimpa shikamoo. Devotha alipewa koni. Filemoni na Didas walitazamana, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu waachane shule ya msingi, ndugu hao wawili walikuwa kitu kimoja.

"Haiwezekani," alisema Filemoni.

"Haiwezekani kabisa," alisema Didas.

"Kwa nini?" aliuliza Mama.

"Umri, Mama! Miaka sitini na nane!"

"Kabla hajafika huyu, umri wangu ulikuwa unafaa kwa hali ya hewa ya Mbeya. Saa hizi umeharibika?"

"Na dini," Didas aliongeza haraka. "Ukoo wa Kalinga ni Walutheri. Wewe ni Mkatoliki wa Legio ya Maria."

"Wewe mara ya mwisho kuingia kanisani ni lini?"

"Hiyo ni hoja nyingine."

"Harusi yako. Na ulichelewa."

Sauti zilikuwa zimepanda. Hakuna aliyekuwa anajizuia. Mteja wa Ikupa alikuwa ameacha kujifanya anakula, amewageukia kabisa. Mzee Kalinga alikuwa bado amesimama, kwa sababu hakuna mtu aliyemkaribisha kukaa, na upepo ulikuwa unampiga suti. Filemoni alimgeukia kama hakimu.

"Mzee, tuambie wewe. Umemtoa wapi mama yetu?"

"Kwenye msiba," alisema Kalinga. "Mwaka jana, Mama alipokuja Igowole kuangalia shamba. Mimi napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika. Siku ile nilikosea, nikapiga wimbo wa Pasaka kaburini. Watu wote walinuna. Yeye peke yake alicheka."

"Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa utani," Mama alieleza.

"Na una nini, mzee? Una kipato gani?" Didas alikuwa amerudi ofisini kwake. "Maana isije ikawa ni lile shamba la Mama unalolitaka."

Kalinga aligeuza kofia mikononi. Alikuwa amefanya kazi kiwandani Mgololo ujana wake wote, alikuwa na miparachichi aliyoipanda mwenyewe mti mmoja mmoja, na hakuwahi kuulizwa swali kama hilo na mtu aliyekuwa na ugali mdomoni. "Nina parachichi," alisema. "Nina nyumba. Bati lake ni zima."

"Utaweza kumtunza?"

"Sikuja kumtunza, kijana. Yeye mwenyewe ana nguvu kuliko mimi, juzi amenisaidia kunyanyua tenki la maji." Alisita. "Nimechoka kula peke yangu. Ukipika wali wa mtu mmoja, hauivi vizuri."

Hapo Severina, ambaye muda wote alikuwa amekaa na kijiko, alianza kucheka. Alicheka kwa nguvu, akishika tumbo, mumewe akimkonyeza aache. Halafu kicheko kikabadilika bila kuaga, naye akawa analia, machozi kweli, kama ya mtoto, akiyafuta kijiko kikiwa bado mkononi.

"Kwa hiyo ulikuwa unaondoka," alimwambia mama mkwe wake. "Mwaka mzima unajua unaondoka, na mimi kila siku tunagombana kwa ajili ya chumvi."

"Wewe nilitaka kukuambia wa kwanza," alisema Mama Veneranda. "Nilipanga nikwambie tukiwa njiani. Lakini ulinuna tangu Makambako."

"Nilinuna kwa sababu nilikuwa najua wanakuja kukuacha!"

"Sasa ndiyo ulie? Si ulikuwa unataka niende?"

"Nilikuwa nataka," Severina alikiri, akalia zaidi. "Nani atagombana na mimi sasa? Huyu?" Alimwonyesha Filemoni. "Huyu akikasirika anaenda dukani."

Na kama vile alikuwa ameagizwa, Filemoni aliinuka akaenda zake.

Hakwenda mbali. Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Alikwenda hadi pale ukuta unapoishia, kwenye reli ndogo ya treni ya watoto, akakaa kwenye tairi lililopakwa rangi ya njano. Severina alimwacha kidogo, kisha akamfuata. Hakukaa, kwa sababu tairi lilikuwa la mtu mmoja.

"Baba Devo, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wamelipa kiingilio."

"Kinachokuuma ni nini hasa? Leo asubuhi ulikuwa unamgawa bure."

Filemoni alichezea nyuzi za sweta lake. Ndani ya kichwa chake alikuwa ameshaandaa majibu: ukoo, kaburi la baba, maneno ya watu wa Kihesa. Yote yalikuwa majibu mazuri na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

"Nilitaka aondoke," alisema. "Hilo nakubali. Nilikuwa nimeshajiandaa kuona uchungu, yeye analia, mimi nambembeleza, namwambia nitakuja kila mwezi. Sasa yeye wala haniulizi. Mimi sikujua kama na yeye amechoka na sisi."

"Miaka minne analala na mtoto anayepiga mateke," alisema Severina. "Hata mimi ningetafuta Mlutheri."

Filemoni alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka kupitia puani, mara moja, kama mtu aliyepiga chafya.

Walipogeuka kurudi, walikuta kelele zimehamia kwao. Devotha alikuwa amewavuta wazee wote wawili hadi kwenye treni. Ilikuwa treni ya mabehewa matatu, mbele imechorwa uso wa tembo, na mwendeshaji wake, kijana mwenye filimbi, alikuwa amenyoosha mkono kuzuia. Mama Veneranda alikuwa ameshaingia behewa la nyuma, magoti yamemfikia kidevuni. Kalinga alikuwa na mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Bibi, hii ni ya watoto," kijana alikuwa anasema. "Mzee, toa mguu. Mnachelewesha watu." Nyuma yao wazazi na watoto walikuwa wamepanga foleni, na mtu mmoja alipiga mbinja. Kalinga alianza kuutoa mguu. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye tangu afike hajafanya jambo hata moja sawa.

"Aa! Subiri," alisema Filemoni. Alikuwa hajui atasema nini. Alipita foleni, akasimama mbele ya kijana. "Huyu ni mama yangu. Mwache apande."

"Na huyu?"

"Huyu..." Foleni nzima ilisubiri. Didas, aliyekuwa anakuja na Ikupa, alisimama. Filemoni alimwangalia yule mzee, suti fupi, kofia mkononi, aiskrimu imekauka kwenye kiatu, na hakukuwa na neno la kuzunguka. "Huyu ni mchumba wake!" alisema, kwa sauti iliyofika hadi mgahawani. "Ni mchumba wa mama yangu, na amekuja kutoka Igowole. Wewe unataka nini zaidi?"

Mtu kwenye foleni alipiga kigelegele. Kijana mwenye filimbi hakuwa na sheria kuhusu wachumba, akashusha mkono. Kalinga aliingiza mguu wa pili, akajikunja kwa shida kando ya Mama Veneranda, kofia juu ya magoti yao manne. Devotha alikaa mbele. Filimbi ikalia, mota ikanguruma, treni ikatikisika na kubaki pale pale.

"Si nilisema," kijana alisema. "Uzito. Ina mota ya cherehani hii."

Mama Veneranda aligeuza shingo kadiri behewa lilivyomruhusu, akawatafuta wanawe kwa macho, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa mmesimama nini?" alisema. "Sukumeni."

Filemoni aliinama, akaweka mikono nyuma ya behewa. Didas alitazama kulia, ambako mteja wa mke wake alikuwa ameshatoa simu anapiga picha, akatazama kushoto, kisha akaitupa tai yake begani na kuinama karibu na kaka yake. Walisukuma. Magurudumu yalilia, yakashika reli, na treni ya tembo ikaanza kwenda polepole kwenye kona ya kwanza, Mama akiwaelekeza kutoka ndani waongeze mwendo.